Nyasi Mkononi mwa Yeyo

Wiki iliyopita nilirudi mtoni, na sikurudi kwa raha. Kuna akina mama huko Kajiado wanaofufua mto wetu wa mchanga. Wanapanga mawe ili mafuriko yasibebe mchanga wote, wanapanda matete na nyasi za ukingoni, na sasa wamefika kwenye samaki. Walikuwa wanatafuta mtu anayekumbuka dimbwi lilikuwa wapi. Mimi nakumbuka. Lakini ukweli, rafiki yangu, nilienda kwa sababu nyingine. Kati ya hao mama kuna mmoja ambaye baba yangu alimvunja mkono nikiangalia, na kuna jambo nililolijua siku hiyo ambalo sijawahi kumwambia.

Sisi tulitoka Ukambani. Baba alikuwa anapakia mchanga kwenye malori, mama akiwapikia wapakiaji muthokoi, na tulikuwa tumepanga chumba cha mabati karibu na mto. Jirani yetu alikuwa mama wa Kimaasai. Sote tulimwita Yeyo, kama watoto wake walivyomwita, hata baba. Maji yalionekana juu ya mchanga wiki chache tu kwa mwaka. Siku zingine zote unachimba. Yeyo alikuwa na kisima chake humo mchangani, amekizungushia matawi ya miiba, na ndiye alinifundisha kuchota na kikopo polepole, unangoja maji yajikusanye tena. Mbele kidogo, chini ya mwamba, kulikuwa na dimbwi lisilokauka, lenye kambare weusi na visamaki vya mkia mwekundu vilivyokuwa vinanidonoa vidole vya miguu. Ukivirushia mawe, Yeyo anakuchapa. Uking'oa matete, anakuchapa zaidi. Alikuwa na mkono mzito yule mama, wacha tu! Halafu anakupa maziwa ya kibuyu, yananukia moshi, unasahau kulia.

Siku moja nilimvunjia hicho kibuyu. Akanikimbiza na fimbo mpaka malishoni. Binti yake akanipigia kelele, "Ng'oa nyasi! Ziinue juu!" Nikang'oa, nikainua, huku nimefumba macho. Kufumbua, Yeyo amesimama na fimbo hewani, lakini hanigusi. Baadaye alinieleza kwamba mtu akishika nyasi hivyo anaomba amani, na hapigwi, hata kama ni vita. Mimi nikaona nimepata dawa ya viboko. Nilitembea na nyasi mfukoni mwezi mzima.

Kisha kikaja kile kiangazi. Kitengela ilikuwa inaota maghorofa, na malori yalikuwa yamemaliza mchanga wa juu. Asubuhi moja lori likashuka hadi kwenye kona ya dimbwi, likakanyaga miiba ya kisima cha Yeyo. Yeyo akaingia ndani ya kisima, akaketi. "Nipakieni na mimi!" akasema. Wapakiaji wakacheka, halafu mmoja akamvuta kwa shuka, na hapo ndipo vijana wake waliokuwa na ng'ombe wakaja mbio na rungu.

Sijui nikuelezeje vita vya watu unaowajua. Kijana aliyekuwa akinibeba mgongoni mto ukijaa alimpiga mpakiaji rungu la uso, meno yakatoka. Mwingine akapigwa beleshi la mbavu na nikasikia mlio wa mbavu, kisha nikamsikia yeye akilia. Jiwe likampata baba mdomoni, damu ikamjaa kidevuni. Mchanga ukinywa damu hauchukui muda, unabaki doa tu jeusi. Nilikuwa juu ya mwamba, hatua kumi kutoka hapo, na nilikuwa nimejikojolea.

Yeyo akatoka kisimani. Aling'oa nyasi za ukingoni, akasimama katikati yao, akainua mkono. Vijana wake wakashusha rungu pale pale. Wapakiaji hawakuelewa kitu. Baba yangu, ambaye aliogopa uchawi kuliko simba, alidhani anawatupia dawa. Akapiga ule mkono kwa beleshi. Mfupa ulitoa mlio wa kuni kavu.

Mimi nilijua. Kati ya watu wote wa upande wetu, ni mimi peke yangu nilijua nyasi zinasema nini, na beleshi lilikuwa bado linapanda. Ningeweza kuita, "Baba, acha, anaomba amani!" Nilinyamaza. Na si woga, usinitetee. Nilikuwa nimeona damu mdomoni mwa baba yangu na nilitaka ashinde.

Alishinda. Vijana walimbeba mama yao wakaondoka, na wapakiaji wakapakia mpaka wakafika kwenye udongo mgumu uliokuwa umeshikilia maji, wakautoboa, na kufikia jioni dimbwi lilikuwa matope, kambare wanapiga mikia, korongo wamejipanga kula. Sisi tulihamia Kitengela kesho yake. Mpaka leo nakaa kwenye ghorofa lililojengwa na mchanga kama ule. Baba hakulitaja jambo hilo hata mara moja mpaka tukamzika.

Kwa hivyo wiki iliyopita nikaja. Niliwaonyesha akina mama mahali pa dimbwi, ambapo sasa maji yameanza kukaa tena nyuma ya mawe yao. Kambare walikuwa wameletwa kwa ndoo kutoka mto wa juu. Vile visamaki vya mkia mwekundu vimetafutwa kila mahali na havijaonekana. Yeyo alikuwa ameketi kando ya ndoo, mzee sana, mkono wa kulia umepinda chini ya kiwiko.

"Yeyo, takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Nilisema mbele ya wenzake wote, maana ningengoja tubaki wawili ningetoroka. Nikamwambia baba alidhani ni uchawi. Nikamwambia mimi nilijua.

"Baba yako yuko?"

"Alikufa, Yeyo."

Akina mama wengine wakaacha kupanda. Kisha Yeyo akaniangalia, bila hasira yoyote, na afadhali angenichapa.

"Nilikuona juu ya mwamba," akasema. "Nilipoinua mkono sikuwa naangalia baba yako. Nilikuwa naangalia wewe, nangoja uwaambie."