Kibanio cha Dada na Maji ya Moto

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi pokea salamu tu, ila jina langu lifunike. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mkulima, naishi Handeni upande wa Kwamsisi. Nina watoto watano na wajukuu ambao nikiwahesabu nakosea. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Kuna jambo nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na sasa limenifika shingoni.

Dada yangu, nimwite Mwantumu, alizaliwa mwaka wa Uhuru. Nchi nzima ilikuwa inashangilia, kwetu haikuchukua muda watu wakaanza kunong'ona, maana mtoto alitangulia kuota meno ya juu. Kwa sisi Wazigua mtoto wa namna hiyo anaitwa kigego, na zamani kigego hakuachwa akakua, kwa kuwa watu waliamini atawamaliza jamaa zake. Mama hakusubiri kikao cha wazee. Alimfunga mgongoni akampeleka Korogwe kwa mjomba, aliyekuwa mhudumu wa hospitali, na huko ndiko alikolelewa. Mimi nilizaliwa baadaye, nikawa kipenzi cha bibi mzaa baba, na cheo hicho nilikipenda.

Dada alipokua, meno yake ya juu yalitoka nje hata midomo haifungi. Pale hospitalini kwa mjomba alikuwepo daktari mgeni wa meno, akamwonea huruma. Alimtengenezea nyaya, akawa anazikaza kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili mpaka meno yakakaa mstari. Mwisho akampa kibanio cha kuvaa kila akilala, kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi kinachokaa kwenye kaakaa, na waya unaopita mbele ya meno. Masharti yake Dada aliyajua kama sala. Kisuguliwe kwa mswaki na maji baridi. Kisianikwe juani. Kisiguswe na maji ya moto, kitapinda. Na asiache kukivaa, kwa sababu, daktari alimwambia, "Meno hayasahau kwao."

Mjomba akapata uhamisho wa mbali, Dada akarudishwa nyumbani. Ulikuwa wakati ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, nasi tulikuwa tumeamriwa kuacha makazi ya zamani tukajipange kando ya barabara. Alikuja na kibanio chake ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando. Bibi alimtazama sana, akampapasa mashavu, akasema, "Kumbe mjukuu wangu u mzuri hivi. Nilikukosea, mama." Mimi bibi hakuwahi kuniomba radhi kwa lolote. Niliona wivu, wala sitafuti jina jingine.

Siku ya kuhama Dada alitangulia na mzigo wa kwanza.

"Nisuuzie kibanio changu kwa maji ya mtungini," aliniambia, "halafu unifuate nacho. Usikiangushe."

Jikoni maji ya ugali yalikuwa yanatokota. Nikakitumbukiza humo. Wengine wakiungama husema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia mtu. Nilijua maji ya moto yanafanya nini, na nilihesabu mpaka kumi kama tulivyofundishwa shule. Nikakitoa kwa kijiti, nikakisuuza, nikakirudisha kikoponi. Kwa macho hakikuwa na kasoro.

Wiki nzima Dada alikisukuma mdomoni mpaka fizi zikatoka damu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kinywa changu kimebadilika. Kinakikataa."

Nikamjibu, "Labda."

Neno hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo kila maji yakianza kutokota. Baba aliahidi kumpeleka Korogwe baada ya mavuno. Mavuno yalipofika, tukasikia daktari amesharudi kwao. Na meno nayo yakarudi kwao, polepole, kama alivyosema.

Bibi akajitenga naye tena. "Nilisema mie. Kigego hakinyooshwi." Kijijini nyumba zilikuwa zimebanana, maneno hayo hayakumaliza siku moja kuzunguka. Baadaye surua ikaingia, ikamchukua mtoto wa jirani ambaye Dada alipenda kumbeba. Hakuna aliyemfukuza. Walikuwa wanawaondoa watoto wao tu akipita. Tangu hapo hakubeba tena mtoto mchanga, hata wanangu hakuwagusa mpaka walipoanza kutembea. Alipochumbiwa alikataa mwenyewe. "Nitazaa nini mimi?" aliniuliza tukiwa tunapukuchua mahindi. Mimi nikaendelea kupukuchua.

Mwezi uliopita mjukuu wangu mchanga ameota meno mawili, ya juu. Mkwe wangu alicheka akampiga picha. Mimi nikakaa chini. Dada alipopata habari akaja, na baada ya miaka yote hiyo akanyoosha mikono.

"Huyu nipeni mimi," alisema. "Yeye hawezi kunidhuru, wala mimi sina cha kumwongezea."

Kisha akanikabidhi kile kikopo. Kibanio kimo, kimegeuka rangi, waya una kutu. Amekitunza muda wote huo.

"Mwekee," akaniambia. "Meno yake yakija kutoka nje, mpelekeni mapema. Na mwambie asiwe mzembe kama mimi. Nadhani kuna siku nilisahau kukivaa."

Hakusahau hata siku moja. Ninajua, nililala naye kitanda kimoja.

Kikopo kiko juu ya kabati langu, na nakiogopa. Nikisema, nitamwonyesha dada yangu kwamba maisha aliyojinyima yote yalianzia mkononi mwangu, na huenda nikamkosa. Jana nimemsikia akimbembeleza mtoto, akimwita "kigego mwenzangu" kwa upendo kabisa, na mtoto akamchekea.

Ninyi mliofika hapa, nipeni ushauri, hata wa kunitukana nitausoma. Nianze na neno gani? Na nikinyamaza mpaka nife, nani atamwambia huyu mtoto kwamba yalikuwa maji tu?