Kichwa Kipya cha Faili la Mbuzi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walipanda mabasi pale Msamvu kwenda kutafuta maisha. Mimi nikasema maisha yakinihitaji yatanikuta hapahapa kwetu Bigwa. Yakanikuta kweli, kwa sura ya kompyuta kuukuu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Bwana mifugo wa serikali alikuwa amepunguzwa kazini, na kikundi chetu cha wafuga mbuzi wa maziwa kikaambiwa kijitegemee. Kompyuta tuliachiwa na mradi uliofunga virago, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa nilikuwa na cheti na sikuwa na safari. Ndani yake niliingiza ukoo wa kila mbuzi: jina, mama, baba, kijiji.

Asubuhi moja umeme ukakatika katikati ya kazi, ukarudi, ukakatika tena. Nilipowasha, programu ikanijibu kwamba faili lile si faili. Nikatoa disketi za akiba. Tulizinunua Msamvu, mpya zinang'aa, maana siku hizo kila kitu kiliingia nchini, kizima na kibovu. Ya kwanza haikusomeka. Ya pili ilishaota ukungu. Ya tatu ilisaga ndani ya mashine kama mtu anayekuna nazi, kisha kimya.

Ndipo mama mmoja, jirani yangu, akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umetoka nyumbani? Kuna msiba wapi?"

Mbuzi wake alikuwa kwenye joto, akitaka dume, tangu alfajiri, na joto la mbuzi halingoji. Kikundi kilikuwa na madume wawili tuliowapa majina: Jirani, aliyefungwa nyuma ya ofisi, na Kamanda, aliyekaa kijiji cha juu mlimani. Mmoja wao ndiye aliyemzaa mbuzi huyo. Mbuzi wake wa kwanza mama alimbahatisha, akampandisha kwa dume aliyemzaa. Mtoto akazaliwa miguu imepinda, akafa. Huyu wa sasa mama alipewa na mtu aliyekwisha kuhamia Dumila, ambaye alipoulizwa baba ni nani, alijibu: dume.

"Sibahatishi tena," mama akasema. "Niambie."

"Kompyuta imeharibika."

"Nimeuliza kompyuta? Nimekuuliza wewe."

Nikakaa nayo. Nililifungua faili kwa programu ya kuandikia barua, na chini ya takataka za mwanzo nikawaona mbuzi wetu, majina yamefuatana bila kituo. Mwili ulikuwepo. Kilichokufa ni kichwa, ile sehemu ya mwanzo inayoiambia mashine jina linaishia wapi na la mama linaanzia wapi. Nikaamua kutengeneza faili tupu lenye safu zilezile, nilikate kichwa, nikipandikize kwenye mwili wa zamani. Shida, upana wa safu nilishausahau. Nikakisia herufi kumi na mbili. Majina yakateleza yote, mbuzi mmoja akawa mtoto wa kijiji cha Dumila.

"Huyo wako namtafuta hapa," nikamwambia mama. "Mstahimilivu."

"Nani huyo? Kadi uliyonichapia, yenye jina tu, inasema Mstahimili. Ukimwita hilo lako refu hageuki."

Kumbe mashine ilikuwa inakata majina, na kwa kuwa yamechapwa, watu wakayafuata. Mbuzi wa mlima mzima walipoteza silabi kwa sababu yangu. Nikaanza kuhesabu herufi kwa vidole.

"Unahesabu nini?"

"Mbuzi wako."

"Ni mmoja, mwanangu."

Kumi. Nikapanga safu upya. Faili tupu lilikuwa linadai hatuna mbuzi hata mmoja, nikalijaza mistari mitupu mpaka likubali tunao wengi, ndipo nikakikata kichwa chake na kukipandikiza kwenye mwili wa zamani. Mara ya kwanza safu ya kijiji ilinigomea. Nikaibana, nikarudia, nikarudia tena. Mistari ikasimama wima. Mstahimili. Baba: Jirani.

Nyuma ya ofisi Jirani alikuwa ameshanusa, anavuta kamba na kulia.

"Si huyo," nikasema. "Kamanda."

Mama akautazama mlima, kisha akanitazama mimi.

"Mshike kamba, mimi nitamswaga kwa nyuma."

"Mama, nina kazi ofisini."

"Si umeshaimaliza?"

Tukapanda. Mstahimili alinivuta zaidi ya nilivyomvuta, na kila kona mama aliniuliza kama nimewahi kufika huku. Tulipofika, Kamanda alimaliza shughuli yake kabla sijapata jiwe la kukalia.

"Haya," mama akasema, "shuka ukaandike."