Siku Saba za Ng'ombe wa Mkamwana

Asifiwe Mungu aliyeniacha nifike umri huu, akili zangu zikiwa bado zinanitii. Amenipa mchele kila mwaka, mke mvumilivu, na macho ambayo mpaka leo yanasoma Zaburi bila miwani. Namshukuru hata kwa kuniachia kumbukumbu ya jambo hili, ingawa mara nyingi nimemwomba aiondoe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Kyela yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni, vitenge na redio, na baiskeli zikawa zinavushwa kutoka Malawi. Lakini ghala la mpunga nililofanyia kazi lilifungwa, tukapunguzwa. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikipalilia kakao. Kisha mji ukatungiwa sheria ndogo za mifugo, na kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa, najua kuandika na sinywi pombe, nikapewa kazi ya kutunza zizi la mji na daftari lake.

Sheria zilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi. Mbwa afungwe mchana. Asiye na kamba shingoni apigwe risasi. Nguruwe wasionekane barabarani. Ng'ombe wasizidi wawili kwa nyumba, nao wakae katika banda lenye sakafu ya saruji. Atakayekutwa nje ndani ya mpaka wa mji atakamatwa, na mwenye mali afike zizini kwa miguu yake, amtambue mnyama mbele ya mtunza zizi, alipe faini, aweke dole gumba daftarini. Siku saba zikipita, mnyama ni mali ya mji.

Mpaka wenyewe ulikuwa mawe yaliyopakwa chokaa. Watu walilala wanakijiji, wakaamka wakazi wa mjini. Wiki ya kwanza bibi mmoja alikuja amembeba mbwa wake mgongoni kwa kanga, mbwa amekwisha kufa, akauliza ile kamba inauzwa wapi. Nikamwonyesha duka. Sikuona ubaya wa jibu langu.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze mila moja. Kwa sisi Wanyakyusa, mke wa mwanao hakuoni wala humwoni. Akikukuta njiani anaingia migombani mpaka upite. Hasemi nawe; akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Ndiyo heshima yake kwako, na inaaminika kwamba akiivunja, tumbo lake ndilo linaloadhibiwa. Mkamwana wangu alikuwa amelelewa hivyo. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na wiki mbili, na wanawake wa Katumba Songwe, alikokuwa akiishi na mwanangu, walisema ni kwa sababu siku moja alinikuta kisimani bila kutazamia. Wakati ninaousimulia alikuwa mjamzito tena, na mwanangu alikuwa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, akitafuta baiskeli za kuuza.

Mimi kanisani nilikuwa nikifundisha kwamba mila hiyo imepitwa na wakati. Nilisema baba mkwe si chui. Watu waliitikia vizuri, kisha mkamwana wangu akapitia mlango wa nyuma ili asikutane nami. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali.

Mwezi wa nne mto Songwe ulifurika. Watu wa mabondeni walifanya kama walivyofanya tangu zamani: waliwapandisha ng'ombe kwenye mwinuko, kwa ndugu zao waliokuwa mjini. Mkamwana wangu alikuja na ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake, wakivuka maji ya kifuani. Ng'ombe huyo aliachiwa na marehemu baba yake. Hakuwa na kitu kingine. Nyumba ilikuwa imekwisha kuanguka. Alimfunga nyuma ya nyumba ya shangazi yake, ndani ya mawe ya chokaa, penye matope na si saruji. Asubuhi askari wa mji wakamleta kwangu. Ndama alikuwa ndani amelala, hawakumwona.

Nilimwandika daftarini. Wenzangu wa zizini waliona kiwele kimejaa, wakamkamua. Chai yetu ya asubuhi ile ilikuwa na maziwa. Nilikunywa vikombe viwili.

Siku ya pili akaja mwenye duka la mkabala na zizi, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mtu wa maneno mengi.

"Mzee, shikamoo ya haraka, nimeacha wateja. Huyu mwekundu ni wa mkweo."

"Namjua."

"Basi mfungulie. Mwenyewe yuko dukani kwangu, amejibana nyuma ya magunia ya chumvi. Wateja wangu wanadhani nimeoa wa pili."

"Sheria inasema mwenyewe afike."

"Si amefika? Hatua ishirini tu! Wewe geuka utazame milima ya Livingstone, mizuri sana asubuhi hii. Yeye aingie, abonyeze dole, atoke. Mimi nitakuwa shahidi."

"Sheria inasema mbele ya mtunza zizi."

"Mbele, nyuma, mgongo wako si wewe?"

Wenzangu walicheka, nami nikakasirika. Nikapaza sauti ili ifike dukani. "Mwambie mimi si chui. Mwambie aje anisalimu kama Mkristo anavyomsalimu baba yake, atampata ng'ombe wake saa hiyo hiyo. Faini nitamlipia mimi."

Mwenye duka aliacha kutabasamu. "Baba, yule mama ana mimba, na unajua anachokiogopa."

"Najua. Na mimi nataka aache kuogopa."

Nilisema hivyo, na nilijiona mwalimu mzuri.

Siku ya tatu na ya nne mvua haikukatika. Zizi halikuwa na paa. Ng'ombe alisimama katika maji mpaka magotini, na usiposikia mvua ulimsikia yeye akimwita ndama, na ndama akiitikia kutoka mtaa wa pili. Mke wa mwenye duka alimnywesha ndama uji wa mchele. Siku ya tano sauti ya pili haikusikika. Tuliendelea kukamua siku ile, kidogo.

Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Nguo zako zinanuka maziwa. Ya nani?"

"Ya zizini."

"Ya mkamwana wako."

Alichukua kikombe changu mezani akakiosha mara mbili. "Geuka tu, mume wangu," akasema. "Ni shingo tu."

Nilifungua Biblia nikasoma mpaka akalala.

Asubuhi ya siku ya saba, bwana mifugo alikuja na kisu na vijana wawili wa buchani. Wageni wa mkoani walikuwa wanatarajiwa, nyama ilihitajika. Akauliza, "Huyu mwekundu, siku saba zimetimia?"

Nawaomba mnielewe vizuri hapa. Sheria haikusema kama siku ya kukamatwa inahesabiwa. Nikiihesabu, ya leo ilikuwa ya saba. Nisipoihesabu, ilikuwa ya sita. Hata nikiihesabu, siku haijaisha saa moja asubuhi. Ningeweza kusema, "Njoo kesho." Bwana mifugo hakuwa mtu mgumu, na daftarini mlikuwa na ng'ombe wengine wawili wa kuchinjwa. Lakini nilikuwa nimemsubiri yule mwanamke kwa siku hizo zote, na hakuja, na wenzangu walikuwa wanatazama.

Nikasema, "Zimetimia."

Walimwangusha pale pale, nyuma ya ua, pasipoonekana kutoka dukani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeoza kwato na hakuweza kutembea hadi machinjioni. Kamba yake niliitundika ukutani. Sheria ilisema vifaa vya mwenyewe vinarudishwa.

Saa tatu nilikuwa mezani na daftari. Mlangoni kukaingia giza kidogo, nikainua macho. Alikuwa amesimama kizingitini, mkamwana wangu, amevua kitambaa cha kichwa, uso wazi. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Kwa miaka minne alikuwa mke wa mwanangu, na siku hiyo ndipo nilipoona kwamba ana kovu kwenye nyusi.

Alipiga magoti.

"Mugonile, tata," akasema. Umeamkaje, baba. "Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu. Ni mwekundu, ana doa jeupe chini ya shingo."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Badala yake nilitazama ukurasa wake na kuona nafasi ya dole ikiwa tupu. Mkaguzi wa mji hupenda nafasi zote zijazwe. Nikasukuma kidau cha wino kuelekea kwake. Akachovya dole, akabonyeza karatasi, akalitazama lile doa la buluu kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Kisha akanitazama usoni, akisubiri.

"Amechinjwa asubuhi," nikasema. "Siku zilitimia."

Nikainuka, nikatoa ile kamba ukutani, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka ukipewa kitu na mkubwa.

"Ndaga, tata," akasema. Asante, baba.

Hakulia mbele yangu. Aliikunja kamba ile taratibu, akajifunga kitambaa chake, akatoka. Mwenye duka alikuwa barabarani. Alinitazama, akafunga duka lake mchana kweupe, akamsindikiza.

Mtoto alizaliwa mzima, Mungu ni mwema; ni mwanamume mrefu sasa. Mwanangu aliporudi aliambiwa yote, akahamishia familia yake Ndandalo. Kazi ya zizi niliiacha mwaka uliofuata. Kanisani sikufundisha tena juu ya mila ile, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mkamwana wangu hajanificha uso tangu siku ile. Sokoni akiniona kutoka mbali haingii pembeni kama wenzake wanavyowafanyia wakwe zao. Anakuja moja kwa moja katikati ya watu, anapiga magoti, ananitazama, na anasema salamu yote bila kuruka neno: umeamkaje baba, nyumbani wameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Nami nasimama pale nikijibu mpaka mwisho, kama nilivyotaka. Mara nyingi nikimwona kwanza, ni mimi ninayeingia migombani.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie mlango wako na kila kilichofungwa nyuma ya nyumba yako. Na siku mtu atakapokuomba ugeuze shingo tu, Bwana akupe nguvu ya kuigeuza mapema. Amina.