Kadi ya Bima Niliyoificha Soksini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kabla hujazaliwa, niliacha sentensi ubaoni kabla haijafika nukta, nikatoka darasani, nikaanza kutembea. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi huku Makuyuni, nimeoa karibuni, na mke wangu Zaina alikuwa ananyonyesha binti yetu Rehema. Sikuwa na ninapokwenda. Miguu ndiyo iliyotaka. Nikashika barabara ya Korogwe jua likiwa utosini, malori yananipita yakipiga honi, na kichwani mwangu maneno yanakimbia kuliko malori.

Ilikuwa imeanza polepole. Kwanza usingizi ulipotea. Kisha nikawa nasahihisha daftari zile zile kila siku, nafuta alama nilizotoa, natoa nyingine. Wenzangu wakicheka ofisini, najua wananicheka mimi. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka narudi kuangalia kama mlango nimeufunga.

Zaina alinikuta stendi ya Korogwe, mtoto mgongoni. Dereva mmoja wa bodaboda, mzazi wa mwanafunzi wangu, ndiye aliyempa habari. Hakunigombeza. "Baba Rehema," akasema, "twende hospitali."

Daktari, mama mmoja mtaratibu, alitueleza waziwazi kwamba huu ni ugonjwa wa akili, una dawa, ila ingefaa nikaonwe na bingwa hospitali ya mkoa, Tanga. Tukaenda dirisha la bima kuuliza. Kadi nilikuwa nayo ya kazini. Zaina aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Mume wangu amechoka sana. Anahitaji mapumziko."

"Mapumziko bima hailipii, dada," kijana wa dirishani akajibu. "Anayefuata!"

Basi. Tukarudi nyumbani tukiamini kadi yetu haitibu kichwa.

Kaka yangu Salimu aliposikia alikuja mbio kutoka Mazinde. "Afadhali hivyo," akaniambia. "Ukiitumia kadi kwa jambo hilo jina lako litaandikwa. Mwajiri ataona. Nani atamwachia kichaa watoto wake?"

Maneno hayo yalinikaa. Tangu siku ile nikaificha kadi soksini, nikawa nalala na soksi. Zaina akiiomba nampandishia sauti. Uani nilitembea mpaka nikachimba njia. Siku nyingine walinikuta nimesimama darajani Korogwe, nayaangalia maji ya Pangani. Nilichokuwa nawaza pale sikuwaambia wao, na wewe niruhusu nisikwambie.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Handeni. Unajua mwenyewe kwetu mkwe na mkwewe wanavyoheshimiana. Mama yule hakuwahi kunitazama usoni, sembuse kukanyaga chumbani kwangu. Aliweka kigoda nje ya mlango wangu, akanipa mgongo, akaita, "Mwalimu."

"Shikamoo, mama," nikajibu kutoka ndani, huku nazunguka.

"Marahaba. Ungevunjika mguu, kadi ungeificha?"

Nikaendelea kuzunguka.

"Nakuuliza, baba."

"Nisingeificha, mama."

"Basi nisikilize. Mjukuu wangu ananyonya kwa mtu asiyelala. Mwanangu amekuwa mlinzi wako kwa sababu unaona aibu. Unasema watu watajua. Nani hajui? Wanafunzi wako walikuona ukiondoka. Kitu wasichokijua ni kama unatibiwa."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilikaa chini, nikavua soksi, nikaipitisha kadi chini ya mlango. Papo hapo nikatamani kuirudisha. Alikuwa ameshaichukua.

Kesho yake tulikwenda wote. Dirishani alikuwa kijana yule yule. Mama mkwe hakunong'ona. "Mwanangu, mkwe wangu anaumwa akili. Daktari anataka atibiwe Tanga. Kadi hii inamtibu au haimtibu?"

Foleni nzima iligeuka. Nilitaka kukimbia, Zaina akanishika mkono, akaubana.

Kijana akasita. "Hapo sina uhakika, mama."

"Basi muulize mwenye uhakika. Sisi tunakaa."

Akapiga simu. Aliporudi dirishani alikuwa mpole. Matibabu yale yamo kwenye bima, akasema, hata kulazwa. Ila daktari aandike rufaa kwanza, na twende hospitali inayopokea kadi yetu. Dawa moja kati ya alizotaja daktari haimo, tumwombe atazame nyingine ya kundi lile. Akatuomba radhi. "Ile siku niliambiwa mapumziko," akasema. Na kweli, ndivyo alivyoambiwa.

Nililazwa Tanga. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Dawa za mwanzo zilinitetemesha hadi chai inamwagika. Niliporudi shuleni, mwalimu mkuu, ambaye nilikuwa namwogopa kuliko wote, aliniuliza tu kama naweza kuanza na darasa la nne. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake. Iliniuma, nikafundisha waliobaki. Baadaye nilijiona nimepona, nikaacha dawa bila kumwambia daktari, nikarudi wodini. Hadi leo nakunywa dawa, na hadi leo nikikaa sana miguu inataka kuondoka.

Sasa mwanangu, jana ulinionyesha kadi yako ya kazi mpya ya Handeni, ukaitia mfukoni. Kisha ukasimama, ukaenda dirishani, ukarudi, ukaangalia simu, ukaenda tena. Chakula hukugusa. Mama yako anasema taa yako haizimwi. Nimekuona. Ninajua mwendo ule.

Nenda kaulize. Waulize kama magonjwa ya akili yamo kwenye bima yako, ni hospitali zipi zinakupokea, na rufaa inaanzia wapi. Waulize kama wanalipia na mazungumzo na mshauri, au dawa peke yake, na kama mke na watoto nao wamo. Usichukue jibu langu, la kadi yangu ya zamani, maana masharti hubadilika. Utaje ugonjwa kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida. Wakisema haimo, omba wakuonyeshe, na muulize mtu wa pili. Na ikiwa kweli haimo, hospitali nenda vilevile, usisubiri kadi ikupe ruhusa ya kuumwa. Ukiogopa foleni niambie, nitasimama nawe.

Mungu akutulize moyo, mwanangu. Akupe daktari anayesikiliza na ndugu wasiokuonea haya. Uzeeke ukiwa na akili zako na watu wako, na wanao wakuone ukicheka. Amina.