Mpimaji wa Maji ya Tope

"Umepigia deki kitu gani humu, Bibi?"

"Maji, mwanangu. Ulitaka nipigie machozi?"

Hapo mpimaji wetu, mwenye maabara hii ninayoipigia deki mimi, alikuwa keshaizunguka meza mara arobaini, na kama nimeongeza basi ni mara thelathini tu. Hakai huyu. Kidole gumba husugua cha shahada kama anayepukuta vumbi asiloliona mtu, na akisema, sauti hukimbia mbele ya maneno. Kazi yake ni kukamua maji kwenye tope la chini kabisa ya bahari. Humo hupima kalsiamu, madini yaleyale yaliyojaa kwenye chokaa, alinganishe nyepesi na nzito, ajue kama maji yale yanapanda kutoka chini ya tope au yamelala tu. Sasa kipimo kimechafuka, limebaki tone moja la maji yale, na mkuu wa maabara anakuja kuuliza nani kaharibu. Mwenye kosa hatakanyaga tena humu.

"Hii ni chokaa, Bibi! Umeitoa wapi?"

"Mimi? Hebu jitazame bega, mama."

Akajitazama. Koti lake la buluu lilikuwa jeupe begani kwa chokaa ya ukuta wa ujia, anaojisugua nao akitembeatembea kufikiri, kabla ya kurudi kuviinamia vichupa vyake. Vidole vikatulia, mara ya kwanza tangu nimjue. Akainua mkono ajipanguse, akaushusha. Akaja kusimama kati yangu na mlango.

"Akiuliza, Bibi, wewe nyamaza. Nitamwambia..."

Mkuu akaingia. Mpimaji akamgeuzia lile bega jeupe, alione.