Neno Nililobandika ku Valve

Mimi njo niliandika lile neno. Naanza hapo, ili mutu asiseme baadaye kwamba nilizungukazunguka. Niko sekretere wa chuo, chuo chetu kidogo kilicho mulimani kati ya Mushaki na Masisi, na miaka yote niliyokaa pale kazi yangu imekuwa kuandika komunike: mwalimu fulani atafundisha saa ngapi, mutihani umesogezwa, grupe ya umeme, jenereta yetu, imekufa tena, Papa DG anaomba maajenti, yaani wafanyakazi wote, wafike ukumbini saa mbili kamili. DG njo direkteri jenerali, mukubwa wetu. Yeye anasema, mimi naandika, yeye anatia sinyatire, sahihi yake, mimi napiga kashe, muhuri wa chuo, kisha natoka nje kubandika ku valve. Valve ni ubao wetu wa matangazo, ule ulio ukutani karibu na mulango wa ofisi. Kwetu jambo ambalo halijafika ku valve ni kama halijatokea.

Kole ya duka, gundi, ilikuwa haifiki tena juu ya ubaya wa njia, kwa hiyo nilibandika kwa bugali ya mihogo iliyolegezwa na maji ya moto. Mbuzi za majirani zilijua siku zangu. Jumatatu nabandika, Jumanne zimesimama ku miguu ya nyuma zinalamba, na kipande cha programu kinaenda nayo tumboni. Wanafunzi wanakuja kulia: "Mama Sekretere, mbuzi imekula kozi yetu ya statistike." Nawaambia basi mwende mukamuulize huyo mbuzi maswali ya mutihani. Nilikuwa na mudomo, sikatai. Watu walinipenda kwa mudomo ule, na wengine walipita nyuma ya jengo wasikutane nao.

Mutu mumoja tu njo aliuweza, kaka wa bibliotheki, mutunza maktaba yetu. Alikuwa mutu wa Walikale, wa kule msituni, mupole, mwenye kuongea kama anayepima chumvi. Vitabu vyake vilijaa chumba kimoja, vingi vimetoka mbali na kashe za shule ambazo hatutaziona kamwe, na yeye alivishona migongo kwa sindano na uzi wa magunia. Kila Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwangu kabla sijabandika, akasoma komunike, akarekebisha kifaransa changu. Makosa ya herufi hayakumusumbua sana. Alichotafuta ni maneno makali. "Dada," angesema, "hili linakata sana. Tafuta lenye kisu kidogo." Nami nanung'unika, kisha nabadilisha. Bibi yake, muke wake wa ndoa, alilima maharagwe chini ya chuo, hakusoma kifaransa, na alinitumia mboga bila sababu yoyote.

Halafu baba yake kaka akafa kule Walikale. Aliomba konje, likizo ya majuma mawili, DG akakubali, akaenda. Lakini yeye njo mutoto wa kwanza, na kwao mutoto wa kwanza ananyolewa kichwa, anakaa matanga, na haondoki mpaka wazee wamalize kilio kwa desturi yao. Wanasali kanisani Jumapili, ndiyo, lakini kilio cha baba kina mambo yake. Ukiondoka mbele ya wazee, jamaa wanasema umemuacha baba njiani. Majuma mawili yakawa mwezi, mwezi ukawa miwili.

Na miezi ile ilikuwa mibaya. Vita ilipanda mulima wetu. Mulima ukapata wenyewe wapya, watu wa bunduki. Sitasema ni akina nani, waliisha kubadilika mara nyingi na siku hizi mutu hajui nani anasoma. Walimu wengine walikimbilia Goma, wengine Kirotshe kwa jamaa. Nilibaki nafanya kazi yangu, na ya apariteri mwenye kuandikisha wanafunzi, na ya kufungua bibliotheki wanafunzi wakitaka. Nilichoka nikajaa hasira. Niliwakasirikia wote waliokimbia, na niliona aibu kwamba mimi sikukimbia kwa sababu tu sikuwa na pa kukimbilia.

Siku moja DG akanipa kikaratasi. Wakubwa wa elimu wanataka liste ya maajenti wasiokuwa kazini. Wapewe siku nane warudi, asiyerudi afutwe. Kwenye kikaratasi aliandika kwa mukono wake: absents. Wasiokuwepo. Basi. Lakini mimi nilifungua komunike ya zamani niliyoachiwa na sekretere wa mbele yangu, ili nifuate mufano, na mule iliandikwa: agents déserteurs. Dezerteri. Kwa watu wa ofisi hilo ni neno la kila siku, tunamuita hivyo mwalimu ao muganga aliyeacha kazi bila karatasi, na hakuna anayeshtuka. Lakini dezerteri ni pia askari aliyetoroka jeshi na bunduki yake. Nilizijua maana zote mbili. Kila mutoto wa Masisi anazijua. Niliacha lile neno kwa sababu lilikuwa na meno, nami nilitaka liwaume. Majina manne, la kaka lilikuwa la tatu. DG alitia sinyatire bila kusoma, kama kawaida yake. Mutu wa kuniambia nitafute neno lenye kisu kidogo alikuwa kwenye kilio cha baba yake. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kalamu.

Nilibandika Jumatatu. Na kwa kuwa kaka alikuwa rafiki yangu, nilifanya wema: nilipiga komunike picha, nikamutumia ku telefone pamoja na sauti yangu. Nilimuambia hivi, nakumbuka kila neno: "Kaka, rudi mbiyo, siku nane tu. Printe hii karatasi utembee nayo. Kama banakusumbua ku bariere, onyesha, iko na kashe, batajua weye ni ajenti wetu." Kesho yake akajibu kwa kuandika: "Asante dada. Bazee bamenifungulia njia. Nitaiprinte hapa Walikale centre. Hiyo karatasi njo itanipitisha." Nilifurahi. Ile asubuhi hata niliimba ofisini.

Alhamisi watu wa bunduki wakaja chuoni. Haikuwa ajabu, walikuja mara nyingi kuchaji telefone ku panneau yetu ya jua. Mukubwa wao alikuwa mutu wa makamo, wa adabu, aliyevua kofia kunisalimu. Alipokuwa anangoja telefone yake alisimama ku valve, akasoma kwa kidole, mustari kwa mustari. Kidole kikasimama.

"Mama, hawa badezerteri bane, beko wapi sasa?"

Mimi na mudomo wangu nikacheka. Nikamuambia, "Papa, huyu wa tatu, silaha yake ni sindano ya kushona vitabu."

Hakucheka. "Balitoroka na bunduki ngapi?"

Nilianza kueleza: neno la ofisi, waalimu, konje, kilio cha baba. DG akatoka, naye akaeleza, kwa kifaransa kizuri sana, na kadiri alivyoeleza ndivyo yule mutu alivyotuangalia kama watu wanaoficha kitu. "Karatasi ya kashe haifanyake michezo," akasema. Akapiga picha, akavaa kofia, akaaga vizuri. Walitelemka mulima polepole, na wanafunzi waliokuwa uwanjani walisimama mpaka wakapotea.

Nilikwangua ile komunike kwa kisu mpaka rangi ya ukuta ikatoka. Nikapiga telefone ya kaka: haiingii. Nikapiga tena, na tena. Rezo, mutandao wa telefone, ilikatika siku ile mulima mzima, na mimi nilipanda kila kilele ninachokijua, mukono juu, natafuta kistari kimoja cha rezo, hakuna. Nikarudi ofisini nikaandika atestasio, karatasi ya kusema kwamba fulani ni ajenti wetu wa bibliotheki kwa miaka mingi, ni raia, hajawahi kuwa askari. DG akatia sinyatire. Mara hii alisoma. Nikapiga kashe. Nikaamua nimuwahi njiani, kwa sababu kutoka Walikale hana njia nyingine zaidi ya ile ya Nyabiondo.

Ijumaa nilipanda pikipiki mpaka Masisi, kisha mwenye pikipiki akakataa kuendelea, nikaenda kwa miguu. Kila aliyetoka upande ule nilimuuliza: umepishana na mwanaume mupole, kichwa kimenyolewa? Ni pale, naulizauliza hivyo, njo nilisikia nilichokuwa nasema. Kichwa kimenyolewa. Atafika ku bariere na kichwa cha askari na karatasi ya dezerteri. Ee Mungu wangu. Nilianza kukimbia, mama mzima wa umri wangu, viatu mukononi.

Bariere, kizuizi cha watu wa bunduki, ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Pembeni mama mumoja aliuza ndizi za kuchoma. Nilimuuliza yeye kwanza, kwa kuwa niliogopa kuwauliza wale wengine. Akaniangalia, akateremsha sauti. "Dada, ni ndugu yako? Walimukamata leo asubuhi. Alifika anacheka nao. Wakamuuliza we nani, akatoa karatasi ndani ya plastiki, ameikunja vizuri. Hawakuwa wanajua yupi ni yeye mule ndani. Yeye mwenyewe akawaonyesha jina lake na kidole."

Sikulia. Nilikwenda mpaka kwenye kamba, nikatoa atestasio, nikaongea. Niliongea kwa heshima, nikaongea kwa magoti, nikaongea maneno yote ambayo sekretere anajua. Aliyekuwa na zamu alisoma mpaka mwisho. Kisha akaleta ile nyingine, ya kaka, ingali ndani ya plastiki yake, akaziweka pamoja ku paja.

"Mama, hii inasema ni dezerteri. Hii inasema hapana. Zote biko na kashe moja, sinyatire moja. Tuamini gani?"

Nikamuambia aamini yangu. Akauliza, "Na hii ya kwanza, ni ya nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, pale pale, neno ni langu, mukubwa aliandika absents, nikamateni mimi mwenye kosa. Nilinyamaza, akanirudishia atestasio, akaniambia mutu wangu ameisha kupandishwa mulimani na yeye hana la kuongeza. Nilirudi Masisi nyuma ya wabeba mizigo, hakuna aliyeniuliza kitu.

Tumetuma watu wa kanisa, tumetuma wazee, DG mwenyewe amekwenda mara mbili. Wanasema hawamujui. Wenye mulima wamebadilika tena tangu siku ile, na hawa wapya wanasema waulizwe wa zamani. Bibliotheki imefungwa. Komunike nilianza kuziandika fupi, na nikawa nasoma kila moja kwa sauti peke yangu kabla ya kutoka nje.

Bibi yake alikuja ofisini juma la tatu. Alitoka shambani, mikono ina udongo bado, akakataa kukaa. Aliambiwa na wanafunzi kwamba bwana wake alikamatwa juu ya neno. Hakuwa na hasira, na hilo njo liliniua.

"Dada, hilo neno, nani aliliandika?"

Nilisema, "Ni direction."

Niliisikia sauti yangu inasema hivyo, safi, bila kukwama. Direction. Uongozi wa chuo, mukubwa asiyekuwa na uso. Yeye akaitikia kwa kichwa polepole, kama mutu anayejua kwamba wakubwa njo hivyo walivyo. Akaomba karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka mbele yangu juu ya meza. Anataka barua ya kumutafuta bwana wake, ya kupeleka kila mahali, na itaandikwa na mimi.

"Aliniambiaka mara mingi," akasema, "ku chuo yote, weye njo unajua kuchagua maneno."