Ufunguo wa Tatu

Pale gereji wanamwita Mama Vitasa, na jina hilo hajawahi kulikataa. Mlango wa gari ukigoma kufunguka, au ukifunguka hovyo bila kuambiwa, mafundi wenzake wote, wanaume wenye maneno mengi, hukuna vichwa kisha humtafuta yeye. Kazi hiyo alimfundisha mtu mmoja tu: mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, akamsomesha, akampa na nusu ya meza yake.

Siku hiyo alikuja nesi, mteja wao wa siku nyingi, amevimba kwa hasira. Gari lake lilikuwa limefunguliwa tena bila kuvunjwa chochote, na safari hii mkoba wenye vyeti vyake vyote umekwenda na maji.

"Fundi, majirani wanasema nasahau kufunga," alilalamika. "Hata mume wangu ananitazama kama nimeanza kurukwa na akili!"

Mama Vitasa akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani. Mota za vitasa zilikuwa salama, waya salama, hitilafu hakuna. Akaangalia gari linatambua funguo ngapi. Tatu. Nesi alikuwa na mbili.

Nesi alipopoteza ufunguo mwezi uliopita, Mama Vitasa alikuwa kitandani na homa, kazi ya kumsajilia mwingine ikafanywa na mdogo wake. Sheria ya meza yao ni kufuta funguo zote kwanza, kisha kusajili zile tu alizonazo mwenye gari. Atakuwa amesahau kufuta, alijisemea, akawa anamtetea kabla hata hajashtakiwa.

Nesi akasogea getini kupokea simu. Mama Vitasa akafunga milango ya gari, akazifungia funguo mbili za nesi ndani ya kopo la biskuti, kama afanyavyo siku zote, maana bati huzuia mawasiliano, na gari lisipohisi ufunguo karibu halifunguki. Akavuta kishikio. Mlango ukagoma, kama inavyotakiwa.

Mdogo wake akatokea uani akijifuta grisi. "Dada, linasumbua nini hili?" akauliza, akaegemea gari kando yake.

Mama Vitasa akavuta kishikio tena. Taa zikawaka, vitasa vikalia, mlango ukafunguka.

Akalitazama kopo. Kifuniko kilikuwa kimekaza vilevile. Akamgeukia mdogo wake.

"Toa kilicho mfukoni."

"Kipi tena, dada?"

"Toa!"

Akautoa ufunguo, akamwekea kiganjani huku akinong'ona. "Mwambie mashine ilikosea. Wewe watakuamini. Nilijua tu, hata mambo yakiharibika, utanifichia. Si wewe dada yangu?"

Hapo ndipo Mama Vitasa alipoumia kweli. Laiti mdogo wake angekuwa amemsahau wakati wa kuiba! Kumbe alimkumbuka vizuri sana, akauweka hata upendo wa dada yake kwenye mipango.

Nesi akarudi kutoka getini. "Fundi, umeliona tatizo?"

"Nimeliona." Mama Vitasa akamsogelea. Akamkabidhi ufunguo wa tatu. "Gari lako ni zima, na wewe una akili zako timamu. Mwizi ni huyu hapa, mdogo wangu."

Mdogo wake akamgeukia, machozi yakimlengalenga.

"Dada," alisema, "yaani wewe ndiye wa kunisaliti mimi?"